Pua Yangu Ilipoombewa Rågsved

Vijana wangu, juzi kwenye sherehe ya kumaliza shule, mmoja wenu aliniuliza huku ameshika sahani ya pilau: "Mzee Wekesa, ni kweli walikuwa wanakulipa unywe?" Mkacheka wote. Sikujibu kwa sababu nilikuwa natafuna. Sasa nimemeza, naweza kujibu.

Hapana. Walinilipa niteme.

Hadi nilipostaafu, kazi yangu ilikuwa kuonja na kulinganisha divai nyekundu za Italia ya kaskazini. Najua inavyosikika. Daktari wa meno aliponiuliza kwa nini meno yangu yana rangi ya bilinganya, nikamwambia ukweli, akavua barakoa ili acheke vizuri. Lakini ni kazi kama kazi nyingine. Ina makosa yake na ina mgongo wake unaouma. Tena kuna majira iliniponyoka kabisa, ikarudi kwa njia ambayo mpaka leo watu wa Rågsved, mtaa wetu hapa Stockholm, wakikutana nami kwenye treni huniangalia puani kabla ya kunisalimu. Nitawasimulia hiyo, lakini kwanza mjue nilifikaje mezani.

Nilikuja Sweden kusoma. Masomo yalipoisha, kile nilichosomea hakikuwa na haraka nami, nikapata kibarua kwenye ghala moja kule Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm. Mwenye ghala alikuwa mama wa Kiitaliano, Ornella, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Aliagiza divai kutoka kwao Piemonte na mikoa ya jirani, akaiuza kwenye mikahawa ya Stockholm. Mimi nilibeba maboksi.

Asubuhi moja nilipita karibu na meza yake, nikamkuta ameinamia glasi, uso umekunjamana. "Mbwa aliyeloa," alisema kwa Kiswidi, kama anayejisemea. Nami, bila kuulizwa, nikainama nikanusa. "Hapana, signora. Gunia la mahindi lililonyeshewa." Tukabishana palepale, mbwa au gunia, mpaka kahawa yake ikapoa. Wote tulikuwa tunasema jambo moja: kizibo kibovu kilikuwa kimeiharibu divai. Akaimwaga kwenye sinki, akaniambia, "Kesho njoo na hiyo pua. Maboksi yatajibeba." Hayakujibeba, niliyabeba mimi. Lakini baada ya chakula cha mchana nilikaa mezani.

Siku yenyewe sitaisahau, ingawa sehemu yake siikumbuki. Mbele yangu kulikuwa na safu ya glasi na ndoo. Ile ndoo nilidhani ni ya takataka. Kwetu Bungoma ukipewa kitu na mwenyeji ukakitema mbele yake, umetangaza vita. Basi nikameza. Nikameza Barbera, nikameza Valpolicella, nikameza na zile ambazo sikuweza kuzitamka. Kufikia katikati ya safu nilikuwa natoa maoni kwa Kibukusu. Kufikia mwisho nilikuwa nimemshika mkono mteja mmoja, Mswidi mwenye mkahawa, nikimweleza kwamba divai hii ina tabia za mjomba wangu Barasa: inaingia kwa upole, halafu haiondoki. Mteja aliitafakari sana, akaagiza maboksi kadhaa. Ornella alinisindikiza mwenyewe hadi stesheni. Nikalala kwenye treni, nikaamshwa mwisho wa reli, upande wa pili wa jiji, jua likiwa bado juu.

Kesho yake alinifundisha kutema. Msidhani ni jambo la hivihivi. Unabana mashavu, unakaza midomo kama mtu anayetaka kupiga mluzi, halafu unasukuma mara moja bila kusita. Ukisita, divai inakushuka kidevuni. Nilifanya mazoezi bafuni kwa maji, na mke wangu Rispa akawa anagonga mlango: "Baba Simiyu, unatapika?" Nilipodhani nimehitimu, nikatema mbele ya wageni na kupaka viatu vyeupe vya mhasibu wetu. Mpaka alipoacha kazi, yule bwana alikuwa akiingia chumba cha kuonjea na viatu vyeusi tu.

Kuna jambo jingine Ornella alilonifundisha, nami nawapa bure: usionje kitu kimoja peke yake. Divai moja peke yake kila mtu ataisifu, kama mtoto wa pekee. Iweke kando ya mwenzake ndipo iseme. Tuliweka Barbera karibu na Nebbiolo, glasi zote juu ya karatasi nyeupe. Barbera ni nyeusi kama wino, unaiogopa, kumbe mdomoni ni uchachu mtupu, mate yanakutoka. Nebbiolo imepauka, unaiona ukadhani ni chai ya rangi iliyopitiwa na majani haraka. Ukiionja inakushika ufizi. Huko kushikwa Waitaliano wana neno lao, Waswidi wana lao, na mimi nilijua tunalo letu tangu utotoni tulipokula zambarau: ukakasi. Harufu yake ni waridi, na nyuma ya waridi, lami mbichi. Amarone, ambayo zabibu zake hukaushwa kwanza kabla ya kukamuliwa, inanuka kama keki ya Krismasi iliyofichwa kabatini.

Tatizo letu lilikuwa maneno. Ornella akisema urujuani, nilikuwa sijawahi kuliona hilo ua. Nami nikisema ukwaju, alinikodolea macho. Basi akaagiza kwa mama yake maua yaliyokaushwa, nami nikamletea ukwaju kutoka duka la Skärholmen. Akaulamba, akafumba jicho moja. "Barbera!" akapiga kelele. Toka siku hiyo tukaelewana. Siku hizi naona vijana wa ofisini wanapiga picha lebo kwa simu, simu inawaambia "cheri, tumbaku, ngozi," nao wanaitikia kwa kichwa kabla hawajanusa. Simu sina ugomvi nayo. Ila haijawahi kula zambarau.

Sasa nyumbani. Rispa alikuwa kiongozi wa maombi ya kina mama katika kanisa letu dogo la Kiswahili: sisi Wakenya, Warundi, Wakongo, na Mtanzania mmoja, Bwana Mhina, anayetusahihisha Kiswahili sisi sote. Kanisa letu pombe haligusi. Rispa hakusema uongo kamwe. Akiulizwa mumewe anafanya kazi gani, alisema, "Yuko na Waitaliano," kisha akauliza habari za watoto.

Mambo yalikaa hivyo miaka mingi, mpaka majira ya baridi fulani nilipopata mafua.

Mjue kwanza ni nini kilikuwa mezani. Hapa, divai ya kupeleka nyumbani hununuliwa kwenye duka la serikali tu. Duka likitaka divai mpya hutangaza aina inayoitaka, kampuni zinapeleka sampuli, na sampuli zinaonjwa pasipo mtu kuona lebo. Mwaka ule walitangaza Nebbiolo. Kwa kampuni ya watu wachache na foklifti moja, kupita pale ni riziki ya muda mrefu. Ornella alikuwa na divai tatu nzuri na ruhusa ya kupeleka moja, na katika hizo tatu moja ilikuwa ya binamu yake Piero.

"Sijiamini," aliniambia. "Nikisikia jina Piero namwona akiwa mtoto na kaptula, namwongezea alama. Tutaamua wawili, chupa zikiwa zimefunikwa. Tukikosa safari hii, Wekesa, nafunga upande mmoja wa ghala."

Hakusema nani angeondoka na huo upande. Hakukuwa na haja.

Mafua yaliisha, lakini yaliondoka na harufu. Asubuhi nilikunywa kahawa, ikawa maji ya moto yaliyovaa nguo za kahawa. Nikakata kitunguu, nikalia machozi bila kusikia chochote. Nikanusa siki, kimya. Nikaogopa kweli. Fundi seremala akikatika kidole kila mtu anaona. Mimi nilikuwa nimepoteza kiungo na uso wangu uko vilevile.

Nikaamua kujaribu silaha ya mwisho. Jirani yetu Mswidi alikuwa na kopo la wale samaki wao waliochachushwa, wale ambao kopo huvimba lenyewe kwa hasira. Nilikwenda nalo kwenye roshani nikalifungua. Madirisha ya jengo zima yakaanza kufungwa, moja baada ya jingine. Binti yangu alipiga yowe la Kiswidi, akajifungia chumbani. Nami nimesimama juu ya lile kopo kama bibi harusi na maua yake, sisikii kitu.

Rispa ndiye alipeleka habari kanisani. "Ombeni kwa ajili ya pua ya Baba Simiyu," aliwaambia kina mama. "Riziki yake iko kwenye pua."

Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayekaa Skärholmen, mwanamke asiyeacha swali likiwa na njaa, akauliza, "Riziki ya pua? Ile kazi hapa Sweden si mbwa ndiye anaifanyaka?"

Maana hapa kuna mbwa wanaofunzwa kunusa ukungu kwenye kuta za nyumba. Rispa akasema, "Watoto hawajambo?" Kina mama wakachukua hilo kuwa jibu. Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua kwamba Baba Simiyu ananusa ukungu kwenye majumba ya Waitaliano. Mama Furaha akanikamata mlangoni: "Baba, ukipona utakuja kunusa bafu yangu. Mwenye nyumba anakatalaka hakuna shida. Weye utasema kweli."

Nikasema nitakuja.

Dawa zikaanza kumiminika. Tangawizi, mkaratusi wa kujifukizia, pilipili ya Kirundi ambayo ilinifanya nitafute dirisha kwa mikono. Pua haikujua lolote kati ya hayo. Ndipo Jumamosi moja, mchana, watu wa kanisa wakaja nyumbani kwetu Rågsved kuomba. Mlangoni palijaa viatu mpaka havikuonekana vya nani, maana nyumba za hapa hatuingii na viatu. Mchungaji Emanueli alifika wa mwisho, mbio, ametoka zamu. Yeye ni Mrundi, wiki nzima dereva wa basi, Jumapili mtumishi. Alikuwa kwenye usukani tangu alfajiri, na mabuti ya baridi.

Wakanipigisha magoti katikati ya sebule, paji la uso likikaribia zulia. Mchungaji wetu akiomba hasimami mahali pamoja, hutembea. Akaanza kunizunguka. "Bwana, wewe uliyempulizia Adamu pumzi puani! Ni puani, Bwana, hukumpulizia sikioni!" Kina mama wakaitikia. Mama Furaha alikuwa amekamata bega langu kama anataka kuling'oa. Nawaambia ukweli, machozi yalinitoka. Watu hawa walikuwa wamechoka, wengine walikuwa wamefanya usafi hospitalini usiku kucha, na walikuwa wanatoka jasho kwa ajili ya pua ya mtu.

Mchungaji akazunguka tena. Akanipita kwa mbele. Na pale chini, karibu na zulia, kitu kikanigusa.

Kwanza kilikuwa chembamba, nikadhani najidanganya. Akapita tena, kikaja. Mazoea ya kazi yakaniamka yenyewe: jibini kuukuu mwanzoni, kisha siki, kisha ngozi iliyoloa, na mwisho mrefu, mrefu, usiokwisha. Nikaifuata ile harufu kwa magoti. Mchungaji alikuwa amefumba macho, anatembea, nami nyuma yake natambaa, pua chini, mpaka nikamgonga kwenye kisigino.

"Nasikia!" nikapiga kelele. "Nasikia harufu!"

"Haleluya!" Sebule ikalipuka. "Unasikia harufu gani, baba?"

"Soksi!"

Shangwe ikapungua kuanzia mbele kwenda nyuma. Mchungaji Emanueli akafumbua macho, akajitazama miguuni. "Haleluya," alisema, taratibu sana.

Halafu wakacheka, wakaimba, wakanikumbatia. Mama Furaha akatangaza, "Jumatatu anaanza na bafu yangu!" Nikamwona Rispa anatazama pazia. Nikajua hapo siwezi tena. Mtu hawezi kuombewa kwa nguvu zote zile halafu aende kunusa bafu kwa uongo.

"Jamani," nikasema. "Mimi sinusi kuta. Kazi yangu ni kuonja divai."

Mama mmoja akauondoa mkono wake begani mwangu.

"Divai," akasema Bwana Mhina, akitaka uhakika wa msamiati. "Ile ya zabibu?"

"Ya zabibu."

Mama Furaha akamgeukia mchungaji. "Alors, mchungaji, yale maombi tunaweza kuyarudisha?"

Mchungaji akaniuliza mimi. "Unalewa?"

"Natema."

"Yote?"

"Yote. Isipokuwa siku ya kwanza, na siku hiyo nilidhani ni adabu."

"Nionyeshe."

Wakaleta kikombe cha maji na beseni. Nikalisogeza beseni mbali kidogo, nikabana mashavu, nikakaza midomo, nikasukuma. Maji yakaenda mstari mmoja mwembamba, yakatua katikati. Watoto waliokuwa wanachungulia mlangoni wakapiga makofi, wakataka tena.

Mchungaji alikuna kidevu. "Tulimwomba Mungu arudishe pua," akasema. "Kazi ya pua hatukuitaja, na yeye hakuuliza. Tusimpangie Mungu zamu. Tule." Kisha akaenda mlangoni, akavaa mabuti yake, ndipo akarudi kukaa mezani. Rispa, ambaye kwa kiatu ndani ya nyumba angekufukuza hata kama wewe ni malaika, alimpakulia bila neno.

Sitawadanganya kwamba yaliishia hapo. Baadhi ya kina mama walituamkia kwa mbali. Wazee wa kanisa wakamwomba Rispa apumzike kuongoza maombi, na ingawa alisema anashukuru kupumzika, niliona alivyokuwa akikaa Alhamisi, saa ile waliyokuwa wakikutana, akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Nilipomwomba radhi alisema, "Achana nayo. Nilikuwa nimechoka na hao Waitaliano wako mdomoni mwangu." Akakunja shati lingine.

Kazini nilimwambia Ornella kwamba pua imerudi nusu. Soksi nasikia, waridi bado. Akafikiri. "Uchachu na ukakasi havihitaji pua," alisema. "Mdomo unao? Kaa." Akafunika chupa zote tatu kwa mifuko ya karatasi, tukaonja hatusemezani, kila mmoja ameipa mgongo glasi ya mwenzake. Ya kwanza ilinikamata ufizi vizuri na kuniachia vizuri. Ya pili ilifika kwa kelele, ikaondoka bila kuaga. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila ilichelewa kuchangamka. Nikasema: ya kwanza, ya tatu, ya pili. Ornella alikuwa amepanga hivyohivyo. Akavua mfuko wa ile ya pili, akatazama lebo, akaurudisha taratibu kama mtu anayefunika uso wa marehemu. Ilikuwa ya Piero.

Tulipeleka ile ya kwanza. Ikapita. Upande wa ghala haukufungwa. Ornella alimpigia Piero simu mbele yangu, wakapigizana kelele kwa Kiitaliano mpaka mabati yakaitikia, kisha akakata. "Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema nina mafua."

Muda ukapita, waridi likarudi, na lami nyuma yake. Nikastaafu. Nilikuwa nyumbani nimekaa tu, namfundisha mjukuu kutema mbegu za tikiti maji, Mchungaji Emanueli aliponipigia. "Baba, kuna ugomvi kanisani," akasema. "Ni kile kinywaji cha meza ya Bwana. Wakenya wanasema ni kitamu mno, Warundi wanasema ni maji matupu, na Bwana Mhina anasema hata jina la kinywaji limeandikwa vibaya kwenye tangazo. Wazee wamekubaliana tukuite. Na mama aje. Kina mama wamesema bila yeye hawaonji."

Rispa alikwenda kubadilisha nguo.

Basi tukapanga juisi za zabibu, zisizo na kilevi hata tone, kwenye meza ndefu ya ukumbi, na karatasi nyeupe chini ya kila glasi. Nikawafundisha kama nilivyofundishwa: tazama, zungusha, nusa, vuta na hewa kidogo ndipo uonje. Ukumbi mzima ukawa unavuta kama bomba lililopasuka. Mama Furaha alikuwa wa kwanza kufuzu. Ya kwanza aliikataa, "Hii ni peremende." Ya pili akasema imekufa. Kwenye moja ya zile za mwisho, nyeusi, chachu, akanusa. Akanusa tena.

"Kulikuwa tunda moja," akasema. "Dogo, jeusi. Nyuma ya nyumba ya mama, Bukavu. Tulikuwa tunapandaka pale juu, tunashuka nguo zote zimechafuka, mama anatukimbiza na mwiko. Jina sijui tena."

"Forosadi," akasema Bwana Mhina, kwa sauti ya chini, na safari hii hakuwa anasahihisha.

"Forosadi," akarudia Mama Furaha. "Tangu tukimbie sijaikumbuka. Hata siku moja." Akafuta macho kwa upande wa kiganja, akacheka, akainywa yote. Rispa alimmiminia nyingine, akabaki amesimama karibu naye, mkono begani.

Kura ikapigwa. Nawaambia kama mtaalamu, juisi ile ya Mama Furaha ni chachu kupita kiasi, haina mwili, na ningeiweka ya mwisho. Nilinyoosha mkono kuichagua pamoja nao wote. Ndiyo hiyo inayowakunja nyuso kila meza ya Bwana, nanyi mkiuliza nani aliichagua, mnaambiwa ni mtaalamu.